Mshipi Menoni

Ukimwamkia Mtani shikamoo, hakuitikia marahaba tupu. Lazima aitilie chumvi. "Marahaba, masikio kama majani ya magimbi." "Marahaba, binti wa Mzaramo, kwenu leo mmepika au mmelamba sufuria?" Nilikua nikidhani ndivyo wazee wote wanavyoitikia, mpaka nilipomwamkia mwalimu wa chuoni nikabaki nimesimama mbele yake nikisubiri tusi, naye akaniuliza kama naumwa.

Jina alikuwa nalo, tena mawili, la kwao na la kanisani. Nyumbani kwetu alikuwa Mtani, basi. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, na utani wa makabila haya ni wa tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani wakipitia kwetu. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kuondoka na jogoo wako bila kuomba. Ukifa, kazi ya kuwachekesha wafiwa ni yake. Atalala ndani ya kaburi lako akatae kutoka mpaka apewe kitu. Ataigiza mwendo wako, kikohozi chako na ubahili wako, watu wacheke huku machozi yanawatoka, halafu ndipo uzikwe. Kwetu mtu aliyezikwa bila mtani anahesabiwa kama mtu aliyeondoka bila kuaga.

Tulikuwa tukiishi Gwata wakati huo wa Mwingereza. Baba alitoka Chole, Kisarawe, akafuata mashamba ya mpunga ya bonde la Ruvu. Mto ule ukifurika huacha maji mabondeni, na mengine hayakauki hata kiangazi. Ziwa letu lilikuwa la namna hiyo, refu, limepinda kama mundu, limezungukwa na matete, na chini yake mmelala miti iliyoangushwa na mafuriko ya miaka mingi.

Watu wa pale walivua kwa migono, yale matego ya kusukwa kwa fito, au kwa kukaa ukingoni na ndoana yenye mnyoo mpaka usingizi uwachukue. Mtani aliwacheka. Alisema huko si kuvua, ni kuomba sadaka. Yeye uvuvi alijifunza Kigoma, kwenye ziwa kubwa, alipokuwa kibarua wa reli, na huko, alisema, samaki hasubiriwi, anachokozwa. Alifunga kijiko kwenye mshipi, ule uzi wa kuvulia, nyuma ya mtumbwi, akapiga kafi, na kijiko kikamfuata majini kikimetameta. Samaki wa meno, yule mwenye mistari ubavuni na meno yanayotokeza nje hata akifumba mdomo, akadhani ni kisamaki kigonjwa, akakivamia.

Kijiko chenyewe alikikata mpini, akakitoboa ncha zote mbili, moja ya mshipi na moja ya ndoana, akakipinda kidogo upande mmoja ili kichechemee. "Samaki hamfukuzi mzima," alisema. "Hata binadamu ndivyo walivyo." Alikipata wapi? Kila mtu alipewa hadithi yake. Baba aliambiwa kilitoka jikoni kwa mzungu wa shamba la mkonge. Mama aliambiwa alizawadiwa na padri. Mimi niliambiwa kilitemwa na kiboko, nikaamini miaka mingi.

Mshipi aliusokota mwenyewe pajani, kwa katani iliyotupwa na mashamba ya mkonge, akaupaka nta ya nyuki usinywe maji. Kipande cha mwisho kilikuwa waya mwembamba, maana yale meno hukata katani kama unavyokata uzi wa kushonea. Mtumbwi wake ulikuwa wa mvule, mwembamba, umezibwa lami mahali palipopasuka. Wa baba ulikuwa wa mwembe, mzito, mpana, na Mtani hakuuita mtumbwi. Aliuita kinu. "Mzaramo, leo unatwanga wapi?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi.

Alikuwa na kanuni ya mwendo. Ukipiga kafi haraka, kijiko kinaelea juu na samaki wanakiona kilivyo. Ukienda polepole, kinazama kinakamata miti. "Nenda kama mtu anayekwenda ukweni," alisema. "Ukikimbia watasema una njaa. Ukikokota miguu watasema hukupenda kuja."

Na alikuwa na kanuni ya meno. Mvuvi wa kuburuta kijiko akiwa peke yake mikono yote miwili iko kwenye kafi, kwa hiyo mshipi hauna wa kuushika. Mtani aliushika kwa meno. Samaki akigusa, jino linajua kabla ya mkono. Kijiko kikinasa kwenye mti uliozama, unaachama tu, mshipi unakwenda zake na wewe unabaki salama. "Mdomo," alisema, "ndio fundo pekee linalojifungua lenyewe." Mama alikuwa akisema Mungu awabariki samaki wa Gwata, maana wao tu ndio wanaoweza kumnyamazisha Mtani.

Baba hakuweza kanuni hiyo. Si kwamba hakuielewa. Walikuwa wakivua pamoja, kila mtu na mtumbwi wake, mmoja ukingo huu, mwingine ukingo ule, na Mtani alikuwa na ujuzi wa kuutoa mshipi menoni, kuuweka chini ya goti, kutukana, na kuurudisha kabla kijiko hakijazama. Baba hakuwa na wepesi huo. Akiwa na mshipi menoni alitukanwa mpaka mwisho wa ziwa bila kujibu, na hilo hakuliweza kabisa. Akawa anaufunga kwenye kifundo cha mkono.

"Fungua hiyo kitu," Mtani alimwambia mara nyingi, nami nimesikia kwa masikio yangu. "Shika kwa meno."

"Nikishika kwa meno, nani atakujibu?"

"Usinijibu! Kwani ukinyamaza utaoza?"

"Mnyamwezi akutukane usijibu? Bora nioze."

Alikuwa mtu wa ajabu, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyotokea. Alisema uongo kutwa nzima kwa ajili ya raha yake tu. Lakini samaki hakuwahi kumsingizia ukubwa. Wavuvi wote niliowajua wakikuonyesha kwa mikono samaki aliyewaponyoka, mikono inazidi kuachana kadiri hadithi inavyoendelea. Yeye alipunguza. "Mdogo tu," alisema, kumbe watu walimwona akiburutwa na mtumbwi wake nusu ya ziwa. Alikuwa na ulafi wa ubwabwa usioelezeka, wali wa nazi wa mama ungemtoa kanisani katikati ya ibada, lakini kambale hakumtia mdomoni, akidai ana sharubu kama mjomba wake. Aliogelea kuliko mtu yeyote pale kijijini, na bado kila alipoingia mtumbwini alipiga ishara ya msalaba kama mtu anayepelekwa kunyongwa.

Sasa kuna mchezo ambao lazima niueleze, maana bila huo mtu hawezi kuelewa kitu. Wakiwa ziwani, mmoja akipotelea nyuma ya matete, alikuwa akipiga kelele: "Mtani, nakufa!" Mwenzake akikimbilia, amekwisha. Anakuta mtu ametulia anatafuna muhogo, na aliyekimbia anatoa samaki wake mkubwa wa siku ile, tena anasimuliwa kijiji kizima. Asiyetaka kushindwa anajibu hukohuko aliko, "Kufa, tule ubwabwa!" Kwa watani hilo ni neno la kawaida. Kifo cha mwenzako kwako ni sahani ya wali, ndivyo utani unavyotaka.

Baba alimpata zaidi ya mara moja. Jumapili moja Mtani alikuwa ukingoni na suruali yake ya kanisani, akasikia "nakufa", akajitosa na viatu. Alimkuta baba ameshamaliza muhogo, baba akamwonyesha maganda. Sijawahi kumwona baba akicheka vile. Mtani alikaa uani kwetu amejifunga kanga ya mama huku suruali ikikauka, akaapa kwa sauti, "Mzaramo, hata ufe kweli, sitakimbia tena."

Watu walicheka. Mama alicheka. Nilikuwa napepeta mchele pale pale, nami nilicheka.

Masika yalipokwisha, ziwa likiwa limejaa, walitoka kama kawaida. Niliyoyajua ya siku ile nimeyajua kwa kinywa cha Mtani mwenyewe, hakuna mwingine aliyekuwapo. Baba alipita nyuma ya matete. Kijiko chake kilinasa kwenye mti uliozama, mshipi uliokuwa umefungwa mkononi ukakaza, na kile kinu cha mwembe, kwa uzito wake, kikaendelea na safari. Mkono ukabaki nyuma, mtu akavutwa ubavuni mwa mtumbwi, ukainama, maji yakaingia. Akapiga kelele, "Mtani, nakufa!"

Mtani akajibu, "Kufa upesi, nina njaa ya ubwabwa!"

Akaurudisha mshipi menoni akaendelea kupiga kafi. Kimya kilipozidi alidhani baba anamtega. Alizunguka ziwa taratibu, mwendo wake uleule wa ukweni, akikusudia kutokea upande wa pili amkute na muhogo wake. Akalikuta kafi la baba linaelea. Alizamia mpaka akampata, akaukata mshipi kwa meno, akamleta nyumbani katika mtumbwi wa mvule, amemlaza kifudifudi juu ya magoti yake kama mtu anayembembeleza mtoto.

Tulimzika kesho yake. Kaburi lilipokuwa tayari watu walitulia, macho yote kwa Mtani. Zamu yake ilikuwa imefika. Alisogea mpaka ukingoni, nami nilidhani ataruka ndani. Akasimama. Kisha akageuka akawaambia watu wote neno baba alilosema na neno yeye alilomjibu. Hakuongeza, wala hakupunguza kama alivyozoea kwa samaki. Baba mdogo akasema, "Basi, leo hakuna utani," tukafukia kimya. Sijawahi kusikia mchanga ukilia vile.

Hakuna mtu aliyemshitaki. Wazee walikaa wakasema ni ajali, na ni kweli. Wengine walisema yeyote kati yao angejibu hivyohivyo, na hilo nalo ni kweli. Mama yeye aliacha kumtaja. Ilipita miaka ndipo aliponiambia, siku tunachambua mboga, bila mimi kumuuliza. "Kufa kwake nimemwachia Mungu. Lakini yule kwa nini aliniambia? Hakuna aliyesikia. Angenyamaza, mimi ningedhani mwenzangu alikufa ghafla. Sasa najua aliita, na najua alichojibiwa." Nilimtetea. Nilisema alisema kweli. Mama akaniangalia kwa hasira. "Kweli aliitua yeye, nikajitwika mimi."

Nilimkasirikia Mtani, nikamhurumia, mara nyingine yote mawili katika safari moja ya kisimani. Nilichomkasirikia zaidi ni kwamba aliacha kutukana. Nikimwamkia shikamoo anaitikia "marahaba", kavu, macho chini, na ile marahaba ilinikata kuliko tusi lolote alilowahi kunitukana. Nilikuwa nimefiwa na wawili.

Hakuhama. Wengi tulidhani atapanda treni pale Soga arudi kwao, yeye akabaki na ziwa lake. Aliendelea kuburuta. Vijana wote wa Gwata waliojifunza kuburuta walijifunza kwake, na aliyeonekana amefunga mshipi mkononi, kiunoni au mguuni alipigwa kwa kafi mgongoni, bila maelezo. Ubwabwa aliuacha. Kwenye harusi na hitima alikaa mbali na sinia akatafuna ndizi zake. Kila wiki alitundika samaki kwenye ua wetu, akaondoka kabla hajaonwa. Mama alimtoa samaki yule kwa ncha ya kijiti akampelekea jirani, na jirani yule akanawiri kweli.

Niliolewa, nikahamia Chole, kwao baba. Baadaye mama alipoanza kuishiwa nguvu nilimchukua nikae naye. Wanyamwezi wengine walikuwapo Kisarawe, wa mashambani na wa dukani, wangeweza kabisa kuja kutania msibani. Nilishaanza kuwafikiria, kama watoto wanavyofikiria mambo hayo bila kuyasema. Mama alijua ninachofikiria. Asubuhi moja, hajainuka kitandani siku kadhaa, akasema, "Mwite Mtani."

"Yupi, mama?"

"Tunao wangapi?"

Niliogopa. Nilidhani anataka kumlaani. Mume wangu naye alidhani hivyo, akasema tusimwite, mgonjwa asife na kinyongo kipya mdomoni. Lakini neno la mama halirukwi. Tulimtuma mtu anayekwenda Kibaha kwa lori la mihogo, apite Gwata.

Alikuja amevaa ile suruali ya kanisani, sasa imepauka na inamvuka kiunoni. Alikuwa amezeeka vibaya. Meno ya mbele yalikuwa yamelika, yana kijia kidogo mahali mshipi ulipopita miaka yote. Mkononi alikuwa na samaki mkavu aliyefungwa kwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, Mtani," nikasema.

"Marahaba."

Hapakuwa na zaidi. Alivua viatu, akasimama kizingitini pa chumba cha mama, hakuingia. Chumba kilijaa watu, mume wangu, shangazi, majirani waliosikia kwamba yule mtu wa Gwata amekuja. Mama alikuwa amelala akiangalia ukuta. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, nikaliweka chini.

Ndipo mama, bila kugeuka, akasema kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia wiki nzima:

"Mtani, nakufa!"

Shangazi alishika mdomo. Mimi nilimwangalia Mtani, na Mungu anisamehe, nilitaka kumziba mama kinywa, maana uso wa mtu yule ulikuwa kama umepigwa kofi. Alifungua mdomo. Neno linalojibiwa hapo kila mtu chumbani alilijua, nasi sote tulikuwa tunalisubiri kwa hofu.

Hakulisema. Alimtupa samaki akakimbia. Chumba ni hatua chache tu, lakini alikimbia, mzee mzima, akamkanyaga mume wangu, akalipiga teke bakuli langu la uji likamwagika lote, akaanguka kwa magoti kando ya kitanda akamshika mama mikono yote miwili. "Nimekuja," alisema. "Nimekuja, nimekuja, nimekuja."

Mama akageuka akamtazama. Alimtazama kwa makini, nywele zake zote nyeupe, meno yale, uji kwenye suruali. Kisha akaanza kucheka. Kifua kilikuwa hakimruhusu, lakini alicheka.

"Amekimbia," alituambia. "Mmemwona? Mnyamwezi amekimbia! Nimempata." Akavuta pumzi, akamwambia yeye peke yake, ingawa sote tulisikia, "Nilitaka kukuona ukikimbia. Sasa nimekuona. Siku ile ungejua ni kweli, ungekimbia hivi."

Mtani alilia kwa sauti, kama wanavyolia wanaume wasiozoea. Mama akamwacha alie, halafu akamvuta sikio.

"Samaki wangu yuko wapi? Umeshindwa, toa samaki."

Nikamwokota sakafuni nikampa Mtani, naye akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Mama akamweka juu ya shuka, kifuani pake. "Na siku nitakayokufa kweli," akasema, "uingie kaburini mwangu ulale, wakutoe kwa jogoo, tena jogoo mkubwa, huyu mkwe wangu anao. Uigize ninavyokohoa. Nisizikwe kimya kama mwenzangu."

"Nitakohoa," Mtani akasema.

"Hebu nisikie."

Akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mama hasa, na ile miguno yake ya mwishoni, sijui alikisikia wapi katika miaka yote ile ya kutoongea naye. Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, halafu mume wangu, halafu nyumba nzima. Mama alimpiga Mtani kofi la bega akasema amezidisha.

Niliingia jikoni nikakuna nazi. Nilipika ubwabwa bila kuuliza mtu, na kwa haraka ile ulishika chini ukaungua kidogo. Nilimpelekea sahani kulekule kitandani, nikapiga goti nikamnawisha. Aliutazama wali ule kwa muda mrefu, kisha mama, na mama akampa ishara kwa kidevu. Akamega tonge, akatia mdomoni, akatafuna upande wa yale meno yaliyobaki.

"Shikamoo, Mtani," nikasema tena, sijui kwa nini, nilikuwa nimeshamwamkia.

Akameza kwanza.

"Marahaba, masikio ya magimbi," akasema. "Mama yako anakufa, na hata wali hajakufundisha."